Barua ya wazi kwa wakubwa wa mji: Ng'ambo msituite siku ya kukata utepe tu

Assalaam alaykum waheshimiwa,

Barua hii nawaandikia nyote kwa mpigo, wa mipango miji, wa nyumba, wa manispaa, wa utalii, wa utamaduni, kwa sababu sie huku mtaani hatujui hasa nani anaamua nini, ukienda ofisi hii unaambiwa hilo la ofisi ile, ukifika ile unaambiwa faili limerudi kule kule ulikotoka. Kwa hiyo kila mmoja wenu aisome kama yake. Mie ni mkaazi wa Ng'ambo hapa mjini Unguja, upande wa pili wa barabara ukitoka Mji Mkongwe, mchana natengeneza simu, usiku wa harusi napiga fidla kwenye kidumbak, ile taarabu ya mtaani, na hii habari ya kuujenga upya mji, kuvunja nyumba zetu za zamani mjenge maghorofa, inanigusa huku na huku.

Niseme mapema nisije nikatiwa maneno mdomoni, mie sipingi maendeleo. Nyumba zetu nyingi zimechoka, udongo unamong'onyoka, mabati yameota kutu, masika maji yanaingia mpaka uvunguni, na Mungu apishe mbali ukitokea moto gari la zimamoto litasimama barabarani litutazame tu, maana uchochoro wenyewe baskeli mbili hazipishani. Anayesema Ng'ambo iachwe hivi hivi kwa sababu inapendeza kwenye picha, huyo hakai Ng'ambo. Tunataka mitaro, tunataka vyoo vya maana, tunataka umeme usiokatika katikati ya kazi. Ugomvi wangu ni mwengine kabisa, kila mnapokuja na mchoro wenu watu wanaoishi na kufanya kazi ndani ya hizo nyumba wanakuwa wa mwisho kujua, na kazi zao ndani ya mchoro hazimo hata kidogo.

Kazi gani? Hapo ndo nataka nikae kidogo.

Siku hizi kila hotuba ina uchumi wa ubunifu ndani yake, na nyie mkishalitamka hilo macho yanaelekea Ngome Kongwe, kule Mji Mkongwe kwenye matamasha. Sawa, Ngome Kongwe ina jina lake, ZIFF, tamasha la filamu, ipo tangu 1998, Sauti za Busara, la muziki, tangu 2004, ni matamasha yanaleta watu na sie tunayapenda. Lakini hebu tazameni lile gwaride la Busara linaanzia wapi. Linaanzia huku kwetu Kisonge, Michenzani, bendi ya beni inapiga, watoto wanakimbia pembeni, akinamama wanapiga vigelegele madirishani, linashuka hivo hivo mpaka Forodhani, na huko ndo kwenye tiketi. Wenye tamasha siwalaumu, wao angalau wameona shangwe inaanzia wapi. Nalaumu mipango yetu ya miaka yote, inayoichukulia Ng'ambo kama pahala pa kutoa watu wa kucheza halafu hela inahesabiwa upande wa pili wa barabara.

Sasa piteni huku siku ya kawaida isiyo na tamasha wala mgeni rasmi, saa tatu asubuhi hivi. Kwenye barza, kile kibaraza cha mbele ya nyumba, utamkuta mwanamke kakaa kivulini na kitambaa cheupe mapajani anashona kofia ya viua. Kitambaa keshakichora kwa penseli, anatoboa tobo dogo, analizungushia uzi mpaka linakaza na kuwa duara kamili, halafu anahamia la pili yake, na matobo ni mengi mpaka ukiyatazama macho yanakucheza. Akikosea moja basi mstari wote unapinda na mnunuzi ataliona kabla hajakaa. Kofia moja yenye kazi nzito inaweza kumchukua mwezi na zaidi, kwa sababu anashona baina ya kupika na kupeleka watoto chuoni kusoma Kurani, na hawezi kuishona ndani, taa ya ndani inaua macho. Barza ile ndo karakana yake. Hana kibao, hana leseni, hana ofisi, na kofia ile ikitoka mikononi mwake inapita kwa dalali, inaishia dukani Mji Mkongwe au inapanda ndege kwenda Maskati, kila inaposhikwa bei inaongezeka. Kwenye fomu zenu huyu kaandikwa mama wa nyumbani.

Nyuma ya nyumba hiyo hiyo kuna ua. Uani wanasuka ukili, wanatwanga, wanatiana hina na piko, biriani la watu mia nne linapikiwa hapo. Chumba cha uani kuna kijana kabandika magodoro ukutani, ana kompyuta moja, spika mbili na maiki ya kuazima, hiyo ndo studio, na nyimbo zinazotoka humo zinasikika kwenye daladala zote. Mbele kidogo, kile kiwanja kidogo baina ya nyumba tatu ambacho kwenye ramani zenu kimeandikwa eneo wazi, sie ndo tunapofanyia mazoezi ya kidumbak, vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, sanduku la besi, vijiti vya mkwasa, manyanga ya cherewa na fidla yangu. Majirani wanatuvumilia kwa sababu kila mmoja ana binti au mpwa ataolewa, na siku hiyo tutampigia kwa bei ya jirani.

Huo ni uchumi, waheshimiwa, hata kama hauna risiti. Harusi moja ya Ng'ambo inalisha fundi cherehani, mpambaji wa bibi harusi, wapishi, mkodisha viti na maturubali, mpiga vidio, wapigaji ngoma, mpaka yule mtoto anayeuza maji ya barafu nje, na wote hao wanatoka ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ukaribu huo ndo mtaji. Ukiwatawanya, mmoja Fuoni, mmoja Bububu, mmoja Kisauni, kila mmoja atakuwa na nyumba nzuri labda, lakini ile kazi imekufa, na hamna atakayeijua imekufa kwa sababu hamna aliyeiandika ilipokuwa hai.

Na wala hatuhitaji kukisia, jambo hili tushalifanya. Majumba marefu ya Michenzani yalianza mwishoni mwa miaka ya 60, zama za Mzee Karume, na wataalamu wa Ujerumani Mashariki walikuwemo kwenye kupanga. Nia ilikuwa njema, sitaki mtu aniletee siasa hapa, wenye jamaa zao waliohamia mule wakati ule wanajua raha yake, choo ndani, umeme, ukuta wa saruji. Lakini nyumba za zamani zilivunjwa njia nzima ili majumba yapite yamenyooka, na aliyechora hakuweka barza. Watu wakafanyaje? Wakashuka nazo chini. Leo nendeni Michenzani jioni mtazame uhai uko wapi, uko chini kabisa, vinyozi, mafundi simu, wauza urojo, wazee na bao lao, vijana na keram, cherehani mlangoni. Yaani wakaazi walikuja kuumalizia mchoro wenyewe, bila ya konsalta. Sasa miaka 50 na kitu baadae tunachora tena majumba na bado ile sehemu ya chini tunaipa benki na supamaketi, kama kwamba Michenzani haipo mbele ya macho yetu.

Mnatoa hesabu kwamba mji umejaa, na hapo hamjakosea. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu 593,678, sensa ya 2022 ikaukuta na watu 893,169. Karibu laki tatu zaidi ndani ya miaka kumi, watu hao lazima walale pahala, na kujenga kwenda juu kuna mantiki yake badala ya kumaliza mashamba yote ya karafuu na minazi kwa viwanja. Nakubali. Lakini ghorofa si adui wa fundi, ghorofa isiyo na pahala pa fundi ndo adui. Mtu atalala ghorofa ya tano bila tabu yoyote ikiwa chini kuna barza pana yenye kivuli, kuna chumba cha kufungia ngoma, kuna ua wa kupikia shughuli. Haya si mambo ya gharama kubwa, ni mambo ya kuulizwa kabla nondo hazijakatwa.

Na hapa kwenye kuulizwa ndo penye maudhi. Niliwahi kwenda kikao kimoja cha ushirikishwaji, ofisi siitaji. Saa tatu asubuhi, siku ya kazi, kwa hiyo mafundi wote hawapo, wale wa kofia hawapo, wapigaji tuliotoka harusini alfajiri tumelala. Waliokuja ni wale wale wanaokuja kila kikao mpaka huwa najiuliza wanaishi kwa soda na posho. Ikawashwa projekta, maandishi yote ya Kiingereza, picha ya kompyuta yenye miti ambayo Unguja haioti, watu wamevaa suti wanakunywa kahawa, na mmoja anatembeza mbwa. Anatembeza mbwa, Ng'ambo! Mzee mmoja akanyanyua mkono akauliza, samahani mwanangu, hapo tutakaa wapi jioni? Akajibiwa hoja yako tumeichukua. Wallahi mpaka leo sijui wameipeleka wapi. Tukatia saini karatasi ya mahudhurio, na mie nna hakika karatasi ile ndo iliyokwenda kwenye ripoti kuwa ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa kikamilifu.

Msije mkasema haijawezekana kufanywa vyengine. Imewezekana, hapa hapa. Miaka ya 2010 idara yenu wenyewe ya mipango miji, pamoja na taasisi ya African Architecture Matters na jiji la Amsterdam, ilifanya kazi ile ya Ng'ambo Tuitakayo. Walizunguka mitaani wakachora ramani si ya kuta na mapaa tu, mpaka ya pahala watu wanapokutana na mambo yao ya utamaduni, na wakaazi wakaitwa waseme mji wanautakaje. Walifuata ule mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2011 unaosema mji wa kihistoria usitazamwe kama majengo ya zamani peke yake, utazamwe pamoja na watu wake na maisha yanayoendelea ndani yake, na kwamba wenyeji wawemo kwenye kuamua kipi kilindwe na kipi kibadilike. Kazi ikaandikwa, mpango ukatoka, mpaka kitabu kikachapishwa 2019. Suali langu ni dogo tu, mnapokaa na mwekezaji au kontrakta mpya, hiyo ramani huwa ipo juu ya meza au ipo kabatini? Kwa sababu ikiwa ipo mezani basi mbona sie hatuioni kwenye vibao vya miradi.

Na hao hao Amsterdam wana lao la kutufunza, zuri na baya. Manispaa yao kwa zaidi ya miaka 20 sasa ina sera ya kuyatenga majengo makongwe, skuli zilizofungwa, magodauni, viwanda vilivyokufa, wakapewa wasanii na mafundi kwa kodi nafuu. Pahala panapotajwa sana ni NDSM, ilikuwa karakana kubwa ya meli kule kaskazini ya mji, ikafa, wasanii wakaingia wakapafufua. Pakawa maarufu, halafu yakaja maofisi na mahoteli, kodi za mtaa mzima zikapanda, na wengi wa wale walioufanya uwe na jina wakawa wanaishi kwa mikataba mifupi hawajui mwakani watakuwa wapi. Kwa hiyo mkienda ziara ya mafunzo, na najua mnazipenda ziara za mafunzo, msirudi na picha za makontena yaliyopakwa rangi tu, waulizeni wale wasanii mikataba yao ni ya muda gani.

Tena sie hatuhitaji kupanda ndege kuliona hilo, tuvuke barabara tu. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, ikawa sifa kwa nchi nzima, lakini nyumba ngapi zilizokuwa na familia leo ni hoteli au duka la vinyago? Wenyeji waliokuwa wanakaa pale wengi tunao huku, tunawajua kwa majina. Usiku kwenye baadhi ya mitaa ile utakutana na muuzaji na mgeni, mwenye mtaa humuoni. Na hata majengo yenyewe hayakusalimika kwa kupendwa huko, Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, tuliiona ilivyoporomoka Disemba 25 mwaka 2020, mchana kweupe, tena ikiwa kwenye matengenezo. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Wageni hao wanapelekwa Forodhani, wanapelekwa mtaa wa maduka wa Gizenga, wanapelekwa pwani. Wakivuka kuja huku huwa wamepotea njia, au wapo na mtembezaji anayewahadithia mambo yetu ambayo yeye mwenyewe kayasoma kwenye simu asubuhi ile ile.

Kuna jambo jengine mnalisahau, Ng'ambo haijapata kuwa pahala pa watu wa kunyamaza. Mwaka 1928 wakaazi wa huku, watu wenye vibanda vyao lakini ardhi ya wengine, waligoma kulipa kodi ya viwanja, serikali ya Muingereza ikalazimika kuingilia. Na mwaka ule ule Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyetoka Fumba akaja kukaa huku huku Ng'ambo, alipanda meli na wenzake mpaka Bombay kurikodi santuri, akarudi sauti yake ikawa inasikika pwani nzima ya Afrika Mashariki kwa Kiswahili. Nayaweka mambo hayo mawili pamoja makusudi. Watu wale wale, vichochoro vile vile, huku wanagombania viwanja vyao na huku wanatunga. Siti aliimba mambo ya mtaani, ya mahakama, ya wakubwa na wadogo, kwa sababu aliyasikia mlangoni kwake. Bi Kidude, mwimbaji wetu, Mungu amrehemu, tuliempoteza 2013, ulimwengu mzima ulimpa tunzo, na maisha yake aliishi katikati yetu, ukimtaka ulikuwa unauliza tu unapelekwa. Sasa niambieni katika michoro yenu Siti wa kesho atakaa wapi, atajifunzia uani kwa nani.

Najua majibu yenu, naomba niyajibu kabla. Mtasema ardhi ni ya serikali. Ndio, tangu baada ya Mapinduzi ardhi ni ya umma, hamna anayebisha, na kwa sababu ni ya umma ndo inakuwa rahisi zaidi kwenu kuweka sharti kwa mwekezaji kuliko nchi ambazo kila kipande kina mwenyewe. Mtasema wasanii hawana umoja, wana majungu, leo kikundi kimoja kesho viwili. Hilo kweli tupu! Lakini ndo asili yetu, zama za vikundi vya Royal Navy na Sahib el-Ari wanawake wa mjini walikuwa wanashindana kwa taarabu mpaka kwa sare za nguo, wanarushiana mafumbo, na ushindani ule ndo uliozaa mashairi. Hatuwaombi mtupatanishe, tunataka mtupe pahala. Mtasema pia hatuna usajili. Hapo nakubali nusu, tusajiliwe, lakini mtu anaepata riziki ya harusi mbili kwa mwezi msimtake cheti, katiba, ripoti ya mkaguzi na akaunti ya benki yenye saini tatu kabla hajaruhusiwa kuazima ukumbi.

Basi tunataka nini? Kabla hamjahesabu nyumba za kuvunja, hesabuni kazi zilizomo. Sheha, kiongozi wa shehia yetu, anajua kila nyumba, mpeni vijana wawili watatu wa mtaa wenye simu zao, wapite waandike nani anafanya nini, pahala gani, saa ngapi, anahitaji mwanga au maji au kelele. Wiki chache imekwisha, na mtashangaa. Halafu yule mchoraji wenu apewe karatasi hiyo kabla hajafungua laptopu.

La kurudi ndo kubwa kuliko yote. Mtu akiambiwa ahame kupisha ujenzi, apewe karatasi yenye muhuri inayosema atarudi, lini, chumba cha ukubwa gani, na mpaka arudi kodi yake ya huko alikohamia nani analipa. Na karatasi hiyo asipewe mwenye nyumba tu. Ng'ambo imejaa wapangaji, nusu ya kikundi chetu ni wapangaji, yule kijana wa studio ni mpangaji, mpangaji mkimsahau mmeshaitoa roho ya mtaa mkabakisha hati miliki. Mambo ya ahadi za mdomo kwenye jukwaa na wimbo wa kikundi cha hamasa, hayo tumeshayazoea, hatuyahesabu tena.

Na vyumba vya chini, jamani. Katika kila jengo jipya, vyumba kadhaa vya chini viandikwe kwenye mkataba tokea mwanzo kuwa ni vya mafundi na vikundi vya shehia ile, kwa kodi ya mtaani si ya mol, na mkataba uwe wa miaka, si ule wa miezi kumi na moja halafu uanze kuomba tena. Barza iwe barza kweli, ya kukaa, yenye kivuli, isiwe kijiukingo cha tarazo cha mapambo chenye kibao USIKAE HAPA. Ua mmoja wa shughuli kwa kila jengo, wenye bomba na pahala pa moshi kupita. Chumba kimoja cha mazoezi chenye ukuta mnene ili anaetaka kulala alale na anaetaka kupiga apige. Hilo la mwisho naomba kwa niaba ya mke wangu pia.

Majengo ya umma yaliyopo nayo yafunguliwe. Jengo la Raha Leo lilijengwa miaka ya 40 kwa ajili ya jamii ya Ng'ambo, historia yake kila mtu anaijua, watu walikutana pale, redio ikarusha kutoka pale. Majengo ya namna hiyo tupeni siku mbili kwa wiki, kwa ratiba inayoeleweka, bila ya kuandika barua tano. Hata Majestic pale Vuga, sinema iliyojengwa upya 1955 baada ya ile ya kwanza kuungua, watu waliokuwa wanaijaza wengi walikuwa wanatoka huku kwa miguu, kwa hiyo mkizungumzia kuifufua, wa Ng'ambo nao wawemo kwenye kamati, si kwenye foleni tu.

Malipo sasa. Kila uzinduzi ngoma inaitwa. Turubali linalipwa, spika zinalipwa, chakula cha mgeni rasmi kinalipwa, mpaka maua ya plastiki ya meza kuu yanalipwa, ikifika kwa wapigaji tunaambiwa uzalendo na nauli. Tulipeni kama mnavomlipa mwenye turubali, basi, hatutaki zaidi ya hapo. Na ikiwa picha zetu mnazitia kwenye mabango ya kutangaza utalii, mtu aulizwe kwanza, kuna mama mmoja mtaa wa pili kajiona kwenye bango kubwa yuko barzani na kofia yake na hakuna aliyewahi kumwambia chochote, alijua kwa kuambiwa na muuza samaki.

Na watembezaji wageni wapeni mafunzo vijana wa huku huku, wapite na wageni wachache wachache kwa utaratibu, kwa ruhusa ya wenye barza, na mgeni akitaka kofia anunue hapo hapo kwa aliyeishona. Msitujazie mabasi. Wageni ishirini wanaosalimia ni bora kuliko mia mbili wanaopiga picha nguo zetu kwenye kamba.

Nimeandika refu lakini miaka mingi tumesikiliza refu zaidi. Michoro yenu iandikeni kwa Kiswahili, ibandikeni kwa masheha ikae hata mwezi watu waione na kuibishia, na mkiweza tengenezeni ule mfano wa mbao mdogo, maana mchoro wa juu wengi hatuuelewi lakini mfano hata mtoto atakuonesha nyumba yao ilikuwa wapi. Akinamama wakitaka kikao chao peke yao wapeni. Jibu la barua hii pia lipitisheni kwa masheha, kwenye wasap litafika lenyewe. Na kikao mkikiitisha kiwe baada ya alasiri, Jumatatu au Jumanne, kwa sababu kuanzia Alkhamisi mpaka Jumapili sie tuna harusi.

Wenu,
Mpiga fidla, mkaazi wa Ng'ambo